Mlima wenye watu: jibu kwa familia yenye siku sita

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Dar es Salaam. Yeye na mumewe wana binti wa miaka 15, na shule zikifungwa Juni wanataka kwenda milimani siku sita, safari ya kwenda na kurudi ikiwemo. Wameshauriwa wapande Kilimanjaro kwa njia ya Marangu mpaka Horombo, kisha wageuze. Anaandika kwamba hawatafuti cheti cha kilele. Wanataka mandhari, na wanataka kuona watu wa milimani wanavyoishi. Hawajawahi kutembea zaidi ya saa tatu mfululizo. Je, hiyo ndiyo njia yao?

Dada, hapana. Pandeni mabasi hayo hayo ya kaskazini, lakini badala ya kuendelea mpaka Moshi ishieni Usambara. Mtembee kwa miguu kutoka Lushoto mpaka Mtae. Nitaeleza kwa nini, kisha nitawapitisha njia yenyewe.

Sina ugomvi na Horombo. Vibanda vyake viko mita 3,720, mara nyingi juu ya mawingu, na asubuhi ikiwa safi unaiona Kibo yote. Lakini ulichoniuliza hakipo kule. Ukishapita geti la Marangu umeingia hifadhini, na ndani ya hifadhi hakai mtu. Utakaokutana nao ni wapandaji wenzako, waongozaji, na wapagazi, au wagumu kama wanavyoitwa huku. Ni watu wa kupendeza na wana hadithi nyingi, ila wako kazini, mzigo kichwani. Uchagga wenyewe mmeuacha chini ya msitu: vihamba vya migomba na kahawa, mifongo inayoshusha maji kutoka mtoni hadi shambani, mabanda ya ng'ombe yaliyojaa majani. Halafu kuna kichwa. Mtu aliyezoea usawa wa bahari akilala mita 3,720 usiku wake wa pili anaweza kuamka na maumivu ya kichwa na hamu ya kula imemtoka. Mtakuwa mmelipia hifadhi, vibanda na wasaidizi ili binti akae amejifunika blanketi akisubiri kushuka.

Watu wengi wakichagua njia huanza na urefu wa mlima. Mimi huanza na swali jingine: kati ya pale unapoanzia na pale unapolala, njia inapita kwa nani? Kilimanjaro na Meru zimewekewa mpaka, watu wakabaki nje yake. Milima ya Tao la Mashariki, yaani Upare, Usambara, Uluguru na mingine, ni kinyume. Watu wanaishi hadi kwenye migongo ya milima, na msitu ndio umebaki vipande vipande katikati yao. Njia za huko hazikuchongwa kwa ajili ya mgeni. Ni njia za shule, za sokoni, za msibani. Ukizipita lazima ukutane na maisha, utake usitake.

Sasa njia yenyewe. Siku ya kwanza ni ya basi. Mabasi ya moja kwa moja kutoka Dar hadi Lushoto yapo. Mkiyakosa, pandeni lolote linalokwenda Moshi au Arusha, mshuke Mombo na kutafuta gari la kupanda mlima. Kutoka Mombo ni kilomita thelathini na kitu za lami na kona. Kama binti ni mtu wa kichefuchefu, mpeni kiti cha mbele. Mkifika Soni joto la Mombo limeshasahaulika, na mkifika Lushoto, kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, mtatafuta sweta. Wajerumani walipaita Wilhelmsthal na wakapafanya mahali pao pa kukimbilia joto la pwani, ndiyo maana mji una majengo ya zamani yasiyofanana na ya Korogwe au Tanga.

Siku ya pili msiende mbali. Nendeni Irente, mwendo wa saa moja na nusu hivi kutoka mjini mkienda polepole, na mrudi. Huo ndio mtihani wa miguu na viatu kabla hamjajifunga na safari ndefu. Njiani kuna shamba la Irente, la Kanisa la Kilutheri, ambapo hutengenezwa jibini na mkate. Kaeni pale mle chakula cha mchana. Kisha simameni kwenye mwamba, na hapa ninaomba msiishie kwenye picha. Chini kabisa ni Mazinde: mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari, barabara kuu, reli, na mbuga kavu inayokwenda mpaka macho yanapochoka. Mwongozaji mzuri atawaambia kilichotokea kati ya pale mliposimama na pale chini. Ufalme wa Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, ulikuwa wa mlimani, makao yake Vugha, na wazee wanasimulia kwamba uliasisiwa na Mbegha, mwindaji wa nguruwe aliyetoka Unguu na kuwagawia watu nyama. Mzao wake mashuhuri, Kimweri ye Nyumbai, alitawala mpaka pwani, na ndiye aliyempokea mmishonari Krapf mwaka 1848. Alipofariki mwaka 1862, nguvu ziliteremka. Mwanawe Semboja alikaa Mazinde, kwenye njia ya misafara, ambako bunduki na bidhaa zilipatikana, na milima ikaingia katika vita vya ndugu kwa ndugu. Ukiwa Irente unaiona sababu kwa macho: aliyekaa chini ndiye aliyeona nani anapita na amebeba nini. Wapenda historia huomba siku moja zaidi waende Vugha kwa kupitia Soni. Kwa siku zenu sita haitoshi, lakini muwe mnajua ipo.

Siku ya tatu ndiyo safari inaanza kweli. Mnapanda kuelekea Magamba, mnaingia msituni, na jioni mnalala Rangwi. Hesabuni saa tano hadi saba, kwa kuwa mtasimama sana. Msitu wa Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, hivyo kuna kibali cha kulipia. Mwongozaji ndiye hushughulikia, na nyinyi mna haki ya kuiona risiti. Ndani yake kuna baridi hata saa sita mchana. Kuna mikulo mikubwa, kuna mbega weusi na weupe wanaoruka juu bila kujali mtu, na ukiwa na mwongozaji mwenye jicho utaonyeshwa vinyonga wenye pembe puani ambao hawapatikani nje ya milima hii na majirani zake. Hili la vinyonga lina neno moja: asiwashike wala kuwahamisha tawi ili mpige picha. Akifanya hivyo, mwambieni arudishe.

Mkitoka msituni mnaingia vijijini, na hapo muulizeni mwongozaji kuhusu Wambugu. Wengi wetu tunajua Usambara ni ya Wasambaa tu. Wambugu wamekaa nao kwa vizazi vingi, ni wafugaji kwa asili, na lugha yao ya ndani, Kima'a, imewashughulisha wataalamu wa lugha kwa miaka mingi kwa sababu sehemu kubwa ya maneno yake ni ya Kikushi huku sarufi ikiwa ya Kibantu. Binti yenu wa sekondari anaweza kukaa na bibi mmoja robo saa akajifunza kitu ambacho hakipo kwenye daftari lake. Wengine wataongea kwa furaha, wengine watasema hawana habari. Wote wana haki yao.

Rangwi kuna nyumba ya wageni ya masista. Vitanda safi, maji ya moto ya ndoo, chakula kingi, kimya saa tatu usiku. Pigeni simu kabla, msifike ghafla watatu jioni mkitegemea wamepika.

Siku ya nne, Rangwi mpaka Mtae, ndiyo ndefu na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Msitu umekwisha, sasa ni mgongo wa mlima, bonde, mgongo wa mlima mwingine, na kila mteremko umelimwa. Juni mtawakuta watu kwenye mavuno ya maharage ya masika. Simameni kwenye uwanja mmoja. Mama ametandika turubai mbele ya nyumba, mimea imekaushwa na maganda yamekuwa rangi ya karatasi ya kaki, naye anapiga kwa fimbo, anageuza kwa mguu, anapiga tena. Kila pigo maharage machache yanaruka nje ya turubai, na mtoto mdogo kazi yake ni kuyaokota moja moja na kuyarudisha. Kisha anakuja dada yake na ungo, anasubiri upepo. Mkiomba kusaidia mtapewa fimbo, mtachekwa, na mtaambiwa mnapiga kama watu wa Dar. Hakuna kiingilio, hakuna ratiba. Hiyo ndiyo mila uliyoniuliza, na inaonekana kwa sababu mmepita kwa miguu mwezi wa mavuno.

Nasema hivi kwa sababu nimechoshwa na safari zinazouza utamaduni kama kitu cha nusu saa: ngoma, vazi, picha, asante. Sina neno na ngoma. Ila mcheza ngoma aliyeitwa atoke shambani ili mgeni aone, akili yake iko shambani. Mkipanga safari, muulizeni mwongozaji siku ya gulio kwenye vijiji mnavyopita, kisha sogezeni safari siku moja mbele au nyuma ili ziangukie hapo. Kwenye gulio wote wamekuja kwa shughuli zao, nanyi pia mna la kufanya, yaani kununua. Mtaona magunia ya viazi na kabichi yakipakiwa kwenye malori yanayoshuka Dar, na pengine mtagundua kabichi mnayokula Tabata ilianzia wapi na mkulima alipata kiasi gani.

Mtae ni kijiji kilichokaa kwenye ncha ya mlima, kingo zake mbili zinaporomoka. Nyumba zimejipanga kwenye mgongo kwa sababu hakuna pengine pa kuzijenga. Chini kuna tambarare ya Mkomazi, kushoto Milima ya Upare, na mbele nchi inaendelea mpaka Kenya. Siku ya tano tembeeni hadi kijiji cha Mambo, si mbali, mrudi jioni. Au hamisheni mizigo mlale huko huko. Jua linazama upande wa tambarare, kwa hiyo mchana laleni, lakini saa kumi na moja jioni muwe nje. Ndiyo sababu nawaambia muanze Lushoto na kuishia Mtae, wala si kinyume. Mwenye kuanzia Mtae anaiona kingo siku ya kwanza kisha anatembea siku mbili akiipa mgongo.

Kuhusu msimu, mmebahatika na likizo ya Juni. Masika yameshapita, njia zinakauka, milima bado ni ya kijani. Adui wenu ni ukungu na baridi. Usiku joto linaweza kushuka mpaka kama nyuzi 10, na kuna asubuhi mtafungua mlango msione hata mti wa uani. Msikate tamaa wala msimlaumu mwongozaji. Mara nyingi ukungu hupanda na kupotea kadiri jua linavyopata nguvu. Likizo ya Desemba ina plamu sokoni, lakini pia ina mvua za vuli, na udongo mwekundu wa Usambara ukilowa huteleza vibaya. Hata Juni bebeni raba zenye meno, koti la mvua jepesi, sweta nzito, na kila mtu akate fimbo. Magoti ndiyo yanayoumia, na yanaumia kwenye kushuka.

Urefu wa milima hii usiwatishe. Hata sehemu zake za juu kabisa hazizidi sana mita 2,300, hivyo kile kichwa cha Horombo hakiwahusu. Kinachowahusu ni saa sita za kupanda na kushuka. Kwa kuwa hamjawahi kuvuka saa tatu, fanyeni jaribio mwezi Mei: pandeni treni ya SGR asubuhi hadi Morogoro, muingie Uluguru mpaka Morningside, mrudi siku hiyo hiyo. Mume akilalamika magoti pale, mmeshajua la kupanga: siku ya nne kateni kipande cha mwisho kwa bodaboda. Si aibu. Wenyeji wenyewe hupanda.

Mwongozaji ni lazima? Irente mnaweza kwenda wenyewe kwa kuuliza. Kwa Rangwi na Mtae chukueni mtu, kwa sababu njia zinagawanyika kila baada ya nyumba tatu na zote zinafanana. Lushoto ina vikundi vya waongozaji vya utalii wa utamaduni tangu miaka ya 1990. Nendeni ofisini, msimchukue wa stendi anayewafuata tangu mmeshuka kwenye basi. Ombeni kitambulisho, kisha ombeni bei iliyochanganuliwa: kibali cha msitu, mchango wa kijiji, malazi, chakula, ujira wake. Anayetaja jumla moja tu na kukataa kuivunja, mshukuruni mwende kwa mwingine. Na muulizeni ametoka kijiji gani. Aliyezaliwa kwenye njia hiyo atasalimiwa kwa jina kila kona, na salamu hizo ndizo zitakazowafungulia milango.

Hapo kwenye salamu niseme kidogo, maana sisi wa mijini ndio tunaoharibu kuliko wageni wa Ulaya. Mzungu akipita kimya anasamehewa. Mswahili mwenzao akimpita mzee bila shikamoo, habari zimefika kijiji kinachofuata kabla yake. Salimieni kila mtu, hata kama inakula muda. Vijiji vya njia hii vina Waislamu na Wakristo walioishi pamoja muda mrefu, na watu huvaa kwa heshima. Wewe na binti bebeni kanga za kujifunga juu ya suruali mkifika nyumbani kwa mtu. Picha ni kwa kuomba, na wa kuombwa ni mtu mwenyewe, si mwongozaji wake. Pipi kwa watoto msigawe. Mkitaka kutoa kitu, ulizeni mwalimu mkuu shule ina upungufu gani.

Kama roho bado iko Kilimanjaro, kuna njia ya katikati isiyowaumiza. Laleni Marangu usiku mbili. Siku moja pandeni msituni mpaka Mandara, mita 2,720, msogee hadi kreta ya Maundi na kurudi jioni ile ile. Siku nyingine iwe ya vihamba, mapango ambamo Wachagga walijificha nyakati za vita, na kahawa mnayokaanga na kutwanga wenyewe. Mbege mtaonja wakubwa. Hiyo ni Kilimanjaro yenye watu, ingawa miguu haitapata safari ya kijiji hadi kijiji.

Upare Kusini nao ningeutaja kwa mtu aliyekwisha kufika Usambara. Kuna msitu wa Chome na kilele cha Shengena, mita 2,462, kuna ndiva, yale mabwawa ya jadi ambayo Wapare huyatumia kukusanya maji na kuyagawa kwa zamu mashambani, na kuna makande yaliyopikwa na wenyewe. Malazi ni machache na magari ya kupanda huko hayana uhakika, ndiyo maana siwapeleki safari ya kwanza.

Na ipo ile njia ambayo kila kampuni itawaonyesha picha zake: nyanda za juu za Ngorongoro, kutoka Nainokanoka kupita Olmoti na kreta ya Empakaai, kuteremka hadi Ziwa Natron chini ya Ol Doinyo Lengai, punda wakibeba mizigo. Kwa mandhari tupu, sijui njia Tanzania inayoishinda. Lakini inataka askari wa hifadhi, mahema, magari ya kupeleka na kupokea, na joto la Natron si la mchezo. Tena tangu 2022 serikali imekuwa ikihamishia wakazi wa Ngorongoro Msomera, Handeni, hivyo maboma ya kwenye picha za zamani msiyategemee yote. Mtu anayewauzia safari hiyo aulizwe waziwazi: vijiji tutakavyopita vina watu sasa, na wamekubali kupokea wageni? Mngojeeni binti amalize kidato cha nne.

Kurudi kwenu: mabasi ya Mtae huondoka alfajiri, giza bado, na ukikosa hilo siku imekwenda. Usiku wa siku ya tano mtafuteni konda mwenyewe, mlipe nauli, mmwonyeshe nyumba mliyolala. Basi lisipopatikana la moja kwa moja, shukeni na la Lushoto mpaka Mombo, na pale mabasi ya kwenda Dar hayakauki mchana kutwa. Wekeni sweta juu ya begi, si chini; mtazihitaji mpaka Soni.